Maji ya ziwa, amoxi na mbabula: majibu kwa wasomaji wa Goma

*Maji ya Ziwa Kivu yanang'aa. Kwa nini tuyatie klorini? (Msomaji, Kyeshero)*

Kila kolera ikipanda swali hili linarudi, na jibu ni lile lile: kijidudu cha kolera hakionekani kwa macho. Julai 1994 wakimbizi walikufa hapa kwa makumi ya maelfu, kwa kolera na kuhara damu, na wengi walikuwa wakichota ziwa hili hili. Ukitiliwa klorini kwenye bidoni (dumu) pale ufukweni, ngoja nusu saa ndipo unywe. Ukichemsha, kwa mwinuko wa Goma dakika moja ya kutokota sawasawa yatosha. Usimalize makala (mkaa) bure.

Ila maji mnayaharibu wenyewe nyumbani. Watafiti waliopima maji yakiwa kisimani au bombani, kisha yakiwa kikombeni, wamekuta mara nyingi yanachafukia katikati. Ndoo iko wazi, mtoto anachovya kikombe na vidole vyote. Tumieni bidoni yenye mdomo mwembamba na kifuniko, maji yamiminwe. Na sabuni! Kunawa nayo kunapunguza kuhara kwa karibu theluthi moja, lakini unite (salio) za simu zinanunuliwa kabla yake.

*Mtoto anahara tangu asubuhi, nimpe amoxi (amoksilini, dawa ya kuua bakteria)? (Mama, Birere)*

Hapana, mama. Kinachoua ni kuishiwa maji mwilini. Mpe SRO (chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini); ukiikosa, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anywe kidogo kidogo, na kama ananyonya aendelee. Akihara maji meupe kama ya kuoshea mchele, mpeleke kituo cha afya sasa hivi huku akinywa njiani. Kolera huua ndani ya saa chache. Wanaowauzia vidonge viwili viwili bila kipimo wanavifundisha vijidudu kuizoea dawa, na siku mtakayoihitaji kweli haitafanya kazi.

*Na mafua je? (Kijana, Majengo)*

Hapana pia. Mafua yanaletwa na virusi, na amoxi haiviui.

*Usiku wa baridi tunaingiza mbabula (jiko la mkaa) chumbani, makala yakishaacha moshi. Kuna ubaya? (Msomaji, Himbi)*

Upo, na unaua. Makala mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu. Mnaogopa mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, na ni haki, lakini ile hutulia mabondeni. Hii inajaza chumba mlicholala. Mbabula itoeni nje kabla ya kulala. Na kichwa kikiwauma wote kwa pamoja, pamoja na kizunguzungu na kichefuchefu, msianze kutafuta dawa ya malaria: tokeni nje kwanza, watoto mbele.