Sala ya Asubuhi Kabla ya Kufungua Duka

Mwanangu,

Umeniuliza mambo mawili kwa mpigo: kwa nini ukipiga magoti asubuhi akili inakimbilia kwenye saruji na bei ya mabati, na kama sala isiyo na hisia yoyote inahesabika. Hilo la pili jibu lake ni fupi. Inahesabika. Hisia zinategemea ulivyolala na mauzo ya jana yalivyokwenda. Ahadi ya Mungu kwamba anasikia haitegemei hayo. Martin Luther, mwanzilishi wa Matengenezo ya Kanisa, alisisitiza kwamba "Amina" itamkwe kwa uthabiti, bila kusitasita, hata siku ambayo moyo ni wa baridi.

La kwanza ndilo lenye kazi. Mwaka 1535, kinyozi wake Luther pale Wittenberg, Ujerumani, aliyeitwa Peter, alimwuliza namna ya kusali, naye akamjibu kwa maandishi. Alimkumbusha kwamba kinyozi hodari haondoi macho kwenye wembe, kwani akipiga soga huku ananyoa anaweza kumkata mteja pua, hata koo. Kisha akampa njia, na njia hiyo mpaka leo sijaona iliyo nyepesi kuliko yake kwa mtu mwenye kazi. Unachukua amri moja tu kati ya zile kumi, unaipitisha kwenye mambo manne: fundisho, shukrani, ungamo, ombi.

Tuchukue ya saba, Usiibe, maana wewe ni muuza vifaa vya ujenzi. Fundisho: Mungu anataka nini hapa? Katekisimo Ndogo, kile kijitabu cha mafundisho cha Luther ulichokikariri darasa la kipaimara, haiishii kwenye kutochukua cha mtu. Inataka pia umsaidie jirani kutunza mali yake. Kwa hiyo mzani usome sifuri kabla hujamwaga misumari, na nondo unayoiita ya milimita 12 iwe 12 kweli, kwa sababu anayejenga chumba chake cha kwanza hana kifaa cha kuipimia. Shukrani: kwa mtaji, kwa fundi anayekuletea wateja, kwa usiku ambao hakuna aliyevunja kufuli. Ungamo: jana ulimtajia mtu bei mbili, ya risiti na ya bila risiti? Litaje hivyo hivyo lilivyo. "Nisamehe makosa yangu yote" ni sentensi ya kujificha. Ombi: kitu kimoja cha leo, kwa mfano ujasiri wa kusema "sina" badala ya kumsukumia mtu bidhaa duni.

Dakika mbili kwa kila jambo zinatosha. Ukitanguliza Imani ya Mitume na kumalizia na Baba Yetu, zote ni kama dakika kumi. Na ukifika kwenye shukrani ukakuta moyo umefunguka, baki hapo hapo, yaliyobaki yaache. Luther mwenyewe alisema hivyo: fikra njema zikija, nyamaza uzisikilize, usizikatishe eti ratiba haijaisha.

Siku ambazo amri ni nzito, tumia Baba Yetu. Ina maombi saba na juma lina siku saba. Ukianzia Jumapili na "Jina lako litukuzwe", riziki inaangukia Jumatano na deni Alhamisi. Alhamisi hiyo ungama kwanza deni lako mwenyewe mbele za Mungu, kisha fungua daftari la mikopo, pitia majina taratibu, uombee kila mmoja. Kusamehe hapo si lazima kufuta deni, ingawa kwa mjane mmoja au wawili huenda ikawa hivyo. Mara nyingi ni kulidai bila kumtukana mtu mbele ya wateja.

Sasa yanayoharibu. Kubwa ni kujipangia saa nzima kwa sababu umesikia mahubiri makali: utashika siku tatu, ya nne utaanza kuikwepa sala yenyewe. La pili ni Biblia ya kwenye simu. Haina dhambi, ila ujumbe wa msambazaji ukiingia hapo juu ya kioo, sala imekwisha. Nunua ya karatasi. La tatu ni kulipa madeni ya sala, yaani kukosa Jumatatu na Jumanne halafu kukesha Ijumaa ili kufidia. Mkesha ni mzuri kwa sababu zake, lakini siku iliyopita haidaiwi. Anza na ya leo. Na kuna ile sauti aliyoionya Luther, "ngoja kidogo, nimalize hili kwanza." Dawa yake ni kusali kabla hujaondoa kufuli la duka, kwani mteja wa kwanza akishaingia hutapata nafasi tena.

Usiku usijitese. Katekisimo inasema baada ya sala ya jioni ulale mara moja kwa amani, nami nalichukulia hilo kama agizo kamili. Anayesinzia katikati ya Baba Yetu hajamkosea mtu.

Jambo moja nisikufiche. Mwaka huo huo wa 1535, Peter yule yule alimchoma kisu mezani mume wa binti yake, akamwua. Watu walimwombea kwa wakuu akaepuka kifo, akafukuzwa mjini, mali yake ikapotea. Kwa hiyo njia hii si kinga, na asiyepitia amri ya tano, Usiue, kwa uaminifu ule ule wa ya saba anabaki na hasira yake nzima. Wewe mwenyewe unajua ni nani pale dukani anayekupandisha damu. Kwa hiyo Jumatatu anza na ya tano, ya saba ifuate Jumanne, na kwenye ungamo mtaje kwa jina.

Mama yako anakusalimu.

Baba