Shangazi Anajibu: "Walimu walimlaza mwanangu chini wakambana"

Shangazi shikamoo. Tulitoka kambi ya Nyarugusu saa hizi tuko Rockford, Illinois. Kijana wangu wa miaka 8 ana usonji, haongei sana. Juzi karudi na alama mkononi, kuuliza shule wanasema alirusha viti ikabidi walimu wamlaze chini wamshike mpaka atulie, halafu wakanipa karatasi ya kingereza nisaini. Mume wangu anasema tuache tu, sisi wenyewe tulichapwa na tukakua, tukilalamika watatuletea watu wa kuchukua watoto. Je hii inaruhusiwa? – Mama wa Wanne

Marahaba mwanangu, pole sana. Nianze na baba watoto maana naona hofu ndo imewafunga mdomo. Sheria ya huko inakataza shule kumlipizia kisasi mzazi anayedai haki za mtoto mwenye ulemavu, kwa hiyo ulizeni. Na hii ya "tulichapwa" aiweke kando, hapa hatuongelei kiboko, mtoto akilazwa kifudifudi watu wazima wakamkandamiza mgongoni anakosa pumzi, na Marekani wapo waliokufa hivyo, wakaguzi wa serikali waliliambia bunge mwaka 2009.

Sasa inaruhusiwa? Sheria moja ya nchi nzima hakuna, mswada umeanza kupelekwa Congress, bunge lao, mwaka huohuo 2009 na mpaka leo haujapita (wanasiasa ni walewale kila mahali), kila jimbo na yake. Illinois walishtuka Novemba 2019, waandishi wa habari wa ProPublica na Chicago Tribune walifichua watoto wanavyofungiwa peke yao vyumbani, kesho yake tu bodi ya elimu ya jimbo ikapiga marufuku kwa muda kumfungia mtoto peke yake. Ila kumshika bado kunaruhusiwa, lakini ni pale tu mtu yuko kwenye hatari ya kuumia vibaya muda huohuo, sio adhabu, sio kwa sababu kakataa kukaa, na hatari ikiisha wamwachie. Halafu inatakiwa upate maandishi ndani ya siku moja ya kazi: kilianza saa ngapi kikaisha saa ngapi, nani alimshika, kabla ya hapo walijaribu nini.

Hapo kwenye "kabla" ndo ukomae. Mtoto asiyeongea harushi viti bure, labda kengele, labda ratiba imebadilishwa bila kuambiwa, labda njaa. Mwaka wa masomo 2017-18 watoto wenye ulemavu walikuwa kama asilimia 13 ya wanafunzi Marekani, ila kwenye walioshikwa kwa nguvu walikuwa asilimia 80! Yaani wasioweza kujieleza ndo wanaobanwa, mi hainiingii akilini kwamba wote hao walikuwa hatari.

Usisaini usichokielewa. Piga picha ule mkono, mpeleke kwa daktari, kisha andika imeili (hata fupi, hata ya Kiswahili) uombe mitingi ya IEP, ule mpango wake wa masomo, na useme unataka tathmini ya tabia yake ijulikane kinachomchokoza. Mkalimani ni juu ya shule, bure, na usikubali mtoto wako mkubwa ndo atafsiri, atakuficha mengine ili usiumie. Wakizungusha, una mwaka mmoja kulalamika bodi ya elimu ya jimbo, na siku 180 kwa ofisi ya haki za kiraia ya wizara ya elimu ya Marekani.

*

Shangazi, nafundisha special unit, darasa la watoto wenye ulemavu, huku Kakamega. Mwenzangu humfunga mtoto mmoja kwa kiti na leso ndio asitoroke, anasema ni usalama. Nifanye aje? – Mwalimu

Usalama gani na moto ukitokea? Hairuhusiwi, mwalimu. Katiba yenu ya 2010 kifungu cha 29 inakataza kumtendea mtu ukatili, na sheria ya elimu ya 2013, section 36, inakataza kumtesa mwanafunzi au kumpa adhabu ya kikatili, iwe ya mwili au ya kisaikolojia. Lakini najua mko wachache na watoto wengi, kwa hiyo usianze kwa kumshtaki mwenzako, ongea naye kwanza, kisha mwende pamoja kwa hedimasta mdai msaidizi na geti lenye komeo, na mtoto apelekwe EARC, kile kituo cha kupima mahitaji ya watoto kielimu, aangaliwe upya. Akiendelea kufunga, mwandikie hedimasta barua na ubaki na kopi.