Chokoleti Nyeusi na Vidonge vya Presha

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana presha. Amesikia kwamba chokoleti nyeusi hufungua mishipa ya damu, basi kila jioni anamaliza chokoleti nzima ya gramu 100, ile ya asilimia 70, na vidonge vyake amevipunguza bila kumuuliza mtu. Usiku analalamika hapati usingizi. Nimwambieje?
Binti mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba mwanangu. La kwanza ni vidonge. Leo hii mama awasiliane na daktari aliyemwandikia, arudishiwe dozi yake na apimwe. Hili nakuomba lisingoje kesho, maana presha humpiga mtu kiharusi bila kumpa dalili yoyote kabla.

Alichosikia si uzushi. Kakao ina viini viitwavyo flavanoli, navyo huziwezesha kuta za mishipa kutengeneza nitriki oksaidi, gesi inayoilegeza mishipa ikapanuka. Tatizo ni kiasi. Mwaka 2017 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walizipima tafiti nyingi kwa pamoja, wakakuta hata kwa wenye presha ya juu, namba ya juu ya kipimo cha presha ilishuka kwa takriban milimita 4 za zebaki. Kidonge kimoja cha kawaida hushusha kama mara mbili ya hapo. Kisha ukaja utafiti wa COSMOS wa Marekani, uliotolewa mwaka 2022: wazee zaidi ya 21,000, nusu yao wakimeza miligramu 500 za flavanoli kila siku. Vifo vya moyo vilionekana kupungua, lakini jumla ya matukio ya moyo na mishipa haikushuka kwa kiwango cha kuaminika. Nao walimeza vidonge vya kakao, visivyo na sukari wala mafuta ya chokoleti.

Ile asilimia 70 nayo huwachanganya wengi. Inahesabu kila kilichotoka kwenye kakao, pamoja na siagi yake. Haikuambii flavanoli zimebaki ngapi. Kakao iliyotiwa alkali ili ipoteze uchungu hupoteza pia sehemu kubwa ya flavanoli.

Gramu 100 kwa siku ni nyingi mno. Zina kalori zinazokaribia 600, na uzito ukipanda, presha hupanda nao. Zina pia kafeini inayokaribia ile ya kikombe cha kahawa, na juu yake theobromini, kichangamshi kingine cha kakao. Nadhani usingizi wa mama unaishia hapo. Tena mwaka 2022 shirika la Consumer Reports lilipima chokoleti nyeusi 28, na zote zikakutwa na risasi na kadimiamu, metali zenye sumu. Kipande kidogo si cha kutisha, ila kula nyingi kila siku sikubaliani nako.

Usimnyang'anye, lakini. Ale gramu 20 hivi, mchana, baada ya chakula. Au akoroge unga wa kakao usio na sukari wala alkali kwenye maziwa ya moto. Huo mimi naupenda zaidi. Kama ana kiungulia, au aliwahi kupata mawe kwenye figo, amweleze daktari wake kwanza, kwa sababu chokoleti huweza kuchochea kiungulia, na kakao ina oksalati nyingi, kemikali inayochangia mawe hayo.