Kabla hujaandika tena "Waziri Mkuu Jayalalithaa"

Wadogo zangu wa dawati la kimataifa,

Wiki iliyopita nimehariri rasimu tatu za wasifu wa J. Jayalalithaa kwa ajili ya kipindi cha viongozi wanawake. Zote zimeandikwa na vijana ninaowapenda, wenye Kiswahili kizuri kuliko nilichokuwa nacho mimi nilipoanza kazi. Na zote zina makosa yale yale, tena mengine niliyafanya kabla yenu. Rasimu ya tatu niliisoma mpaka katikati, nikainuka nikaenda kunywa maji. Sasa nimekaa kuwaandikia, msome wote, hata nyinyi wa zamu ya usiku mnaodhani hayawahusu.

1. Hakuwa Waziri Mkuu wa India. Aliongoza serikali ya jimbo la Tamil Nadu, na cheo hicho kina jina lake kwa Kiswahili: Waziri Kiongozi. Zanzibar walikuwa nacho hadi 2010, Katiba yao ilipobadilishwa wakaja Makamu wawili wa Rais. Maalim Seif Sharif Hamad alikuwa Waziri Kiongozi miaka ya themanini, na hakuna mhariri aliyemwita Waziri Mkuu wa Tanzania. Na msikidharau cheo hicho kwa kuwa ni cha jimbo. Sensa ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 72 Tamil Nadu, wakati sensa yetu ya 2022 imetupa milioni 61.7 kwa nchi nzima.

2. Gavana wa jimbo la India hapigiwi kura, huteuliwa na Rais wa nchi. Mliokulia Kenya ndio mnaoteleza hapa kila mwaka, kwa kuwa kwenu tangu 2013 gavana ndiye mwenye kaunti. Kule gavana humwapisha Waziri Kiongozi, na anayetawala ni huyo aliyeapishwa.

3. "J." si jina lake la kwanza. Ni herufi ya jina la baba yake, Jayaram. Watamil wengi hawana jina la ukoo, hutanguliza herufi ya jina la baba. Ndiyo maana M.K. Stalin, mwanasiasa wa Tamil Nadu, ni Stalin wa Muthuvel Karunanidhi, yaani babu na baba, na alizaliwa tarehe 1 Machi 1953, siku nne kabla Joseph Stalin hajafariki kule Moscow. Kuna mmoja wenu aliniuliza kama hao wawili ni ndugu. Aliuliza kwa adabu, nikamjibu kwa adabu. Mnapotafuta habari za zamani za Jayalalithaa, tafuteni pia kwa "a" moja mwishoni, maana ya pili aliiongeza mwaka 2001.

4. Hakuzaliwa Tamil Nadu. Ni Melukote, katika jimbo la Mysore la wakati ule, ambalo leo ni Karnataka, tarehe 24 Februari 1948.

5. Hakuwa mwanamke wa kwanza kuongoza jimbo lile. Rasimu zote tatu zimesema hivyo! Wa kwanza ni V.N. Janaki, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu bila kisa hiki hamtamwelewa Jayalalithaa hata mkijua tarehe zake zote. M.G. Ramachandran, ambaye watu wake walimwita MGR, alikuwa nyota wa filamu kabla ya kuwa Waziri Kiongozi. Jayalalithaa aliigiza naye filamu 28, akaingia chama chake cha AIADMK mwaka 1982, na mwaka 1984 akapelekwa baraza la juu la bunge mjini Delhi. MGR akafariki tarehe 24 Desemba 1987. Mjane wake, Janaki, akaapishwa Januari, serikali yake ikadumu siku 24 tu. Chama kikapasuka vipande viwili, na alama yake ya majani mawili ikazuiwa. Kwenye uchaguzi wa 1989 upande wa Janaki ukapewa njiwa wawili, wa Jayalalithaa ukapewa jogoo. Msikilizaji wa Kenya aliyeikuta enzi ya KANU, chama chenye alama ya jogoo, hahitaji kuelezwa uzito wa jogoo kwenye karatasi ya kura. Jogoo aliwaacha njiwa mbali sana, Janaki akajitoa kwenye siasa, chama kikaungana na majani mawili yakarudi. Mwaka 1991 Jayalalithaa akashinda na kuapishwa kwa mara ya kwanza. Ukikiruka kisa hiki, utaandika kwamba "alirithi" chama. Hakurithi. Alikipigania na mjane wa marehemu, hadharani, na wapiga kura ndio walioamua.

6. Laki mnaijua, imo kwenye Kiswahili tangu enzi za rupia. Krori ni milioni 10. Faini aliyotozwa Septemba 2014 kwa kesi ya mali zisizolingana na kipato ilikuwa krori 100, yaani rupia bilioni 1, si milioni 100. Alihukumiwa miaka minne, akakaa gerezani kama wiki tatu kabla ya kupata dhamana. Mahakama Kuu ya Karnataka ikamwachia huru Mei 2015. Mahakama ya Juu ilipotengua uamuzi huo Februari 2017, yeye alikuwa ameshafariki na shauri dhidi yake lilikoma. Waliokwenda jela ni washtakiwa wenzake. Msiandike "alipatikana na hatia baada ya kifo".

7. Tanzia. Hili nimelichelewesha, na ningependa kulipita, lakini nimeona mmoja wenu ameshaandaa tanzia za akiba za wazee wanne na kuziacha tayari, zinasubiri kubofya tu.

Jayalalithaa alilazwa hospitalini Chennai, makao makuu ya jimbo lake, tarehe 22 Septemba 2016. Mimi nilikuwa na tanzia yake tangu Oktoba. Niliipenda. Nilikuwa nimeipiga msasa, nimeeleza migahawa ya Amma, ambako idli moja, kitumbua cha mchele cha kupikwa kwa mvuke, iliuzwa rupia 1, na nimeeleza kwamba Amma ni "mama" kwa Kitamil. Usiku wa tarehe 4 Desemba zikaja habari kwamba moyo wake ulisimama ghafla. Kesho yake, Jumatatu, nikaingia zamu mapema bila kuitwa.

Alasiri vituo vya televisheni vya kule vikaanza kutangaza kwamba amefariki. Kimoja, cha pili, cha tatu. Nilikuwa nimefundishwa kutafuta vyanzo viwili, nami nikahesabu vitatu. Kisha nikaona picha ya makao makuu ya chama chake, bendera imeshushwa nusu mlingoti. Nikajiambia chama chake mwenyewe hakiwezi kukosea. Hospitali haikuwa imesema neno. Nikabofya. Mtangazaji akasoma kwenye muhtasari wa alasiri, kwa sauti nzito niliyomwelekeza mimi.

Haikuchukua muda, hospitali ikatoa taarifa: bado yuko kwenye mashine, habari za kifo si za kweli. Bendera ikapandishwa tena. Vile vituo vitatu vilikuwa vimechota kisima kimoja, na bendera nayo ilichota humo humo.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa mama mmoja Mtamil wa hapa hapa mjini. Hakupiga kelele, nami hadi leo naona afadhali angepiga. Alisema, "Mwanangu, umesema Amma amekufa. Mama yangu ana miaka themanini, amekaa chini analia tangu mlipotangaza. Ndugu yangu wa Chennai anasema bendera imepanda. Sasa nimwambie nini?" Nikashika mkonga, sikuwa na neno. Nyuma yake nilimsikia bibi analia kwa Kitamil, na katika kilio chake neno nililolijua ni moja tu, lile nililolieleza vizuri kwenye tanzia yangu.

Tulisoma masahihisho na kuomba radhi kwenye taarifa iliyofuata. Alifariki usiku ule, saa 5:30 kwa saa za kwao, kwetu saa tatu. Nikalazimika kuandika tena, na safari hii wasikilizaji walituma ujumbe kuuliza kama tuna uhakika. Walikuwa na haki ya kuuliza.

Jumamosi nilikwenda kwa yule mama. Alinikaribisha kahawa yao ya maziwa, akiimimina juu juu kutoka kikombe cha chuma kwenda bakuli lake na kuirudisha mpaka ikatoa povu. Bibi alikuwa kitini, picha ya Amma ukutani imevishwa shada la asumini. Nikamwomba radhi, binti akatafsiri. Bibi akanishika mkono, akasema kitu kirefu. Binti akatafsiri kifupi: "Anasema, siku ile alimlilia mara mbili."

Nifutieni hizo tanzia nne kwenye foleni ya kurusha. Ziwekeni kwenye faili lenu, bila kitufe.

8. Jayalalithaa hakuchomwa. Alizikwa ufukwe wa Marina tarehe 6 Desemba, karibu na MGR, kama alivyozikwa pale C.N. Annadurai, Waziri Kiongozi wa zamani, mwaka 1969. Kila Mhindu mnamchoma kwenye rasimu kabla hamjauliza.

Karunanidhi, yule baba wa Stalin aliyewahi naye kuwa Waziri Kiongozi, alipofariki Agosti 2018, kijana mmoja wa zamu alisimama nyuma ya kiti changu akisema wenzetu wameshatoa, dada, tutabaki nyuma. Nikamwambia akae. Tulisubiri taarifa ya hospitali, ikaja ikitaja saa 12:10 jioni kwa saa za kwao. Nikaisoma mara mbili, nikampa yeye aandike, nami nikanyanyua simu kumpigia yule mama, asije akasikia kwetu kwanza.