Nifundishe hesabu na nini?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Nimepangiwa shule huku Makete, hesabu Kidato cha Pili. Mtandao unashika kilimani tu. Nitumie nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ukishuka Njombe mjini, pakua GeoGebra, programu ya kuchora grafu, kwenye simu. Ikishaingia, grafu unachora bila bando. Andika y = 2x + 1, kisha 2 ifanye 5, wanafunzi waone mstari unavyozidi kusimama. Mimi Mufindi nilikuwa nafuta ubao na kuchora upya, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi! Vitabu vya kiada vimo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Video za hesabu za Khan Academy zinafaa, ila zinakula bando: tazama mwenyewe kilimani jioni, asubuhi ukafundishe kwa maneno yako.