Muda wa rufaa ukishapita, usikimbilie kupeleka rufaa

Mkuu, umeuliza kama unaweza kupeleka rufaa yako hivyo hivyo ilivyochelewa, na barua juu yake ya kueleza kwamba wakili aliugua. Usithubutu. Rufaa iliyoingia nje ya muda bila kibali itaondolewa, tena pengine kwa gharama, na wakati unabishana siku zinazidi kukuhesabia. Kinachotangulia ni maombi ya kuongezewa muda, pamoja na kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoyaapia kuwa ni kweli.

Nimekuwa karani kwenye ofisi ya mawakili miaka mingi, viapo vya aina hii nimevichapa hadi nimevichoka. Wengi wanaviandika kama barua ya kuomba radhi. Jaji hatafuti huruma, anatafuta tarehe. Kuna mteja wetu alikuwa na karatasi za hospitali safi kabisa, mhuri na kila kitu. Jaji akawa anapitisha kalamu aya kwa aya, kisha akasimama: "Uliruhusiwa tarehe 3, maombi umeleta tarehe 19. Hapo katikati?" Kiapo kilikuwa kimya. Maombi yakaangukia kwenye siku hizo, wala si zile za kulazwa. Kwa hiyo eleza kila siku, hasa zile za baada ya kugundua kwamba umechelewa, maana ndizo watu wanazozisahau.

Kuhusu wakili: uzembe wake kwa kawaida haukuokoi. Ugonjwa wenye ushahidi ni habari nyingine, ila aape yeye mwenyewe. Ukiapa wewe kwa niaba yake, upande wa pili watasema ni maneno ya kusikia, na watakuwa sahihi.

Halafu nakala ya hukumu. Sehemu nyingi siku ulizokuwa unaisubiri zinaweza kutolewa kwenye hesabu, mradi uliiomba mapema na una uthibitisho. Hiyo barua ya kuomba nakala, yenye mhuri wa masijala, unayo? Kuulizia dirishani kwa mdomo ni sawa na hukuuliza.

Muda wenyewe usiuchukue kwa jirani. Notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani Tanzania ni siku 30, Kenya ni 14, na Uingereza rufaa nyingi za madai ni siku 21. Na ukiongezewa, usingoje siku ya mwisho. Marekani kuna shauri la Bowles la mwaka 2007: jaji alimwongezea mfungwa siku 17 wakati sheria iliruhusu 14 tu. Jamaa akaleta notisi ndani ya zile 17, lakini zile 14 zikiwa zimepita. Mahakama ya Juu ikamkatalia, kura 5 kwa 4. Kosa la jaji, hasara ya mfungwa! Mimi naona hukumu ile ilikuwa ya kikatili, lakini ndiyo hiyo.

Jambo jingine, kuomba muda hakumzuii aliyeshinda kukaza hukumu, yaani kuitekeleza. Kama ni nyumba au shamba, omba na zuio la utekelezaji, dalali wa mahakama asikutangulie kuiuza.

Sasa tuambie, hukumu ilisomwa ukiwepo? Kama ilisomwa bila wewe kuitwa na hati ya wito haipo kwenye faili, hiyo ndiyo iwe aya ya kwanza ya kiapo chako, kabla hata ya ugonjwa wa wakili.