Uliza Kwanza Nini Kinazunguka: Kwa Vijana wa Unguja Wanaokwenda Kazi ya Mabehewa

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, vijana wanaopita karakanani kwangu kunisalimia wameongezeka. Anakuja mtu, "Shikamoo maalim," anakaa kwenye benchi, anazunguka na habari za mvua na bei ya samaki, mwisho ndiyo anatoa lake: ameona nafasi za mafundi bara, na amesikia mimi nilikaa huko miaka mingi kwenye mabehewa. Anataka nimwelekeze boksi la ekseli, ile nyumba ya chuma inayoishika beringi kwenye ncha ya ekseli, kwa jioni moja. Jioni moja haitoshi, na mimi nimechoka kuyarudia, basi haya hapa nimeyaandika.

Kisiwa hichi hakina reli. Kiliwahi kuwa nayo: mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilitandika njia kutoka Mjini hadi Bububu, maili saba hivi, na abiria wakaacha kuipanda katika miaka ya 1920. Sisi tumebakiwa na jina, pamoja na ubishi wa barazani kama jina lenyewe lilitokana na mlio wa treni au wa maji ya chemchem. Kwa hiyo kijana wa hapa anaingia kwenye behewa akiwa beringi, zile ringi mbili zenye rola au gololi katikati, kajifunzia kwenye gari. Na hapo ndipo balaa lake linapoanza, maana gari limemfundisha kinyume.

Litazame gari la ng'ombe. Ekseli imetulia, magurudumu ndiyo yanayozunguka. Gurudumu la mbele la magari mengi ya zamani ni vivyo hivyo: ringi ya nje ya beringi inazunguka pamoja na habu, yaani kitovu cha gurudumu, ringi ya ndani imekaa tuli kwenye spindo, kile chuma kisichozunguka kinachoingia katikati. Ndiyo maana fundi wa gareji anaigonga ringi ya nje mpaka ikaze, na ya ndani anaitia kwa mkono. Sasa njoo kwenye behewa. Huko magurudumu mawili yamekazwa kwenye ekseli kwa presi, na vyote vitatu vinazunguka kama kitu kimoja. Boksi limekaa juu ya shingo ya ekseli, ile ncha inayotokeza nje ya gurudumu, halizunguki, na uzito wote wa behewa unaliangukia kutoka juu, kupitia springi. Kila kitu kimegeuka.

Kanuni yenyewe ni hii. Ringi inayozunguka chini ya uzito, yaani kila sehemu yake inapata zamu ya kubebeshwa, lazima ikaze. Ringi ambayo uzito unaikandamiza mahali pale pale siku zote, hiyo unaweza kuiachia nafasi kidogo. Kwenye behewa, ringi ya ndani inakaza, ya nje inaachiwa. Ukitaka kujua kwa nini, chukua bangili iliyo pana kuliko mkono wako, uivae, uuzungushe mkono. Bangili haiendi sawa na mkono, inabaki nyuma kidogo kila mzunguko. Ringi iliyolegea kwenye shingo hufanya hivyo hivyo, ila yenyewe imebeba tani kadhaa, na kule kubaki nyuma ni kusaga chuma kwa chuma.

Mimi hili sikuliuliza kwa mtu. Nilikuwa na miezi michache kazini bara, nimetoka gareji ya hapa Mjini, najiona fundi. Ringi ya ndani haikutaka kuingia. Nikachukua msasa, nikaisugua shingo taratibu, mpaka ringi ikaingia kwa mkono, laini, nikafurahi kama mtu aliyeshona koti likamkaa. Wiki chache baadaye behewa likarudishwa, boksi halishikiki kwa moto. Tulipolifungua, ringi ilikuwa imezunguka yenyewe juu ya shingo, shingo imekwaruzika pande zote na kugeuka rangi ya buluu. Ekseli nzima ikatolewa kazini. Msimamizi wetu, mzee wa maneno machache, aliniambia tu: "Wee Mzanzibari, ile ringi iweke mezani kwako." Ilikaa hapo mpaka siku naondoka.

Namna yake ni kuipasha joto. Digrii 100 hivi zinatosha, na usivuke 120, maana chuma cha beringi kimekwisha kupikwa kiwandani na moto wa ziada unakiharibu. Tumia hita ya umeme au karai la oili lenye kipimajoto. Moto wa gesi hapana, hata mwenzako akikwambia yeye hufanya hivyo tangu zamani. Ringi iliyopata joto inaingia kama kofia. Lakini hapo usiondoke kwenda kunywa chai! Ikipoa haijibani kwenye shingo tu, inasinyaa na upana vilevile, na hujivuta kutoka kwenye bega, ile ngazi ya ekseli ilipoegemea. Ishikilie imebana bega mpaka ishike. Mabehewa mengi ya mizigo ya siku hizi hayana boksi zima. Yana beringi ya rola zilizochongoka upande mmoja, iliyofungwa sili ya kuzuia maji na vumbi kutoka kiwandani, inasukumwa kwenye shingo kwa presi bila ya moto, na juu yake linawekwa tandiko la chuma, mfano wa tandiko la punda. Kanuni ya kukaza haibadiliki.

Sasa nyumba yenyewe, yaani lile boksi. Wageni wa kazi huidharau, wakadhani ni kopo la kuhifadhia beringi. Chukua hesabu ndogo. Behewa la mizigo ambalo kila ekseli inakandamiza reli kwa tani 15: toa tani moja hivi ya magurudumu na ekseli, ambayo haipiti kwenye beringi, zinabaki 14, na kila boksi linabeba saba. Kwa gurudumu la milimita 840, mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni mizunguko 380 hivi kwa dakika. Nyumba ndiyo inayoamua tani saba zile zigawiwe vipi kwa rola. Ikiwa juu ni nyembamba na springi inakandamiza nukta moja tu katikati, rola moja au mbili zitabeba karibu zote. Ndiyo maana utaona mbavu na unene upande wa juu. Mchoraji aliyeibuni nyumba anautawanya uzito uifuate ringi. Na usiichezee hesabu ya uzito: kwa beringi za rola, ukiongeza mzigo kwa asilimia 20, umri unashuka hadi nusu na kitu kidogo. Ukiuzidisha mara mbili, umri unabaki kama sehemu moja ya kumi.

Maboksi ya kale, kama ya treni yetu ya Bububu zamani zile, hayakuwa na rola. Juu ya shingo lilikaa kipande cha shaba nyeusi kilichopakwa ndani madini laini ya bati, na chini palijazwa nyuzi zilizoloa oili ili ziilambishe shingo inapozunguka. Nyuzi zikikauka au zikiingiwa na mchanga, boksi linawaka, na shingo inaweza kukatika njiani. Rola ziliingia kwa nguvu baada ya mwaka 1930, kampuni ya Timken ya Marekani ilipotembeza injini yake ya maonyesho yenye beringi za rola kwenye ekseli zote. Basi, historia inatosha.

Kwenye kukereza ndiko vijana wanakoniudhi. Tundu la nyumba nyingi ni milimita 240. Kiwango cha kawaida, kile mchoro unachokiandika H7, kinakuruhusu kuzidi hadi milimita 0.046, sio zaidi, na kupungua hakuna. Kijana anatoa nyumba kwenye mashine bado ina moto, anatia mikromita, kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo sana, anaona sawa, anasaini. Nyumba ya chuma ikiwa na joto digrii 40 kuizidi mikromita, tundu limetanuka milimita 0.11. Ikipoa itakuwa ndogo, ringi ya nje haiingii, au inaingia kwa nyundo na kuzibana rola. Iache ilale usiku kucha pamoja na mikromita yenyewe, asubuhi upime.

Jengine la hatari zaidi ni meno matatu ya mashine yanayoishika nyumba wakati wa kukereza. Ukiikaza nyumba nyembamba kwa nguvu, inaingia ndani pale penye meno. Unakereza tundu la duara safi kabisa, unafungua meno, chuma kinarudi mahali pake, na tundu linakuwa na pembe tatu zisizoonekana kwa macho. Hapa kuna mtego. Mikromita inayogusa pande mbili haitaliona kosa hilo, maana umbo la pembe tatu linaweza kukupa kipimo kimoja kila upande unaopima. Pima kwa geji inayogusa sehemu tatu, au paka rangi ya buluu ringi ya majaribio uitie na kuizungusha uone inagusa wapi. Kaza kwa wepesi kwenye mkato wa mwisho. Na tundu, bega na makao ya sili vikereze vyote kwa kufunga mara moja. Ukiigeuza nyumba katikati ya kazi, mahali pa sili hapatakuwa na kitovu kimoja na tundu, na hilo utaligundua maji yamekwishaingia.

Kuhusu madini: chuma cha kusubu cha aina isiyovunjika upesi ndicho kinachofanya kazi kubwa, feleji ya kusubu pia. Wengine hutumia alumini kupunguza uzito, na si vibaya, ila alumini hutanuka mara mbili ya chuma. Nyumba ya alumini yenye tundu la 240 ikipanda digrii 50, nafasi kati yake na ringi inaongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Mchoraji aliyelijua hilo kaliweka kwenye mchoro. Fundi anayebadilisha chuma kwa alumini kwa sababu kaikuta stoo, hakulijua.

Grisi. Mtu wa gareji anajaza mpaka pomoni, anaona ni ukarimu. Jaza beringi vizuri, lakini ile nafasi tupu ya nyumba ipate theluthi hadi nusu, kufuatana na maagizo. Iliyozidi inakorogwa na rola, inapata moto, inageuka maji na kuvuja kwenye sili. Wala usichanganye grisi ya kopo hili na ya lile kwa kuwa rangi zimefanana. Kuna zinazokataana, zikakutana zikawa uji.

Sisi watu wa pwani tuna jambo jengine ambalo vitabu vya nchi za baridi huligusia kidogo, nalo ni chumvi. Hewa ya hapa inakula chuma, na jasho la kiganja linakula zaidi. Nimeona ringi mpya yenye alama tano za kutu, vidole kamili kama vya kitambulisho. Beringi ibaki kwenye karatasi yake ya mafuta mpaka dakika ya kuifunga. Na ukivusha mashine kwa boti au jahazi, ujue kwamba beringi iliyosimama hailali. Mtikisiko wa injini unazipigisha rola mahali pale pale, zikaacha vijishimo vilivyopangana kama meno ya mbuzi ya nazi. Mtu anaifungua mpya, anakuta imechakaa, anamlaumu muuzaji. Ibane isitikisike, na kama inawezekana igeuze kidogo mara kwa mara.

Umeme nao. Kwenye treni za umeme mkondo unarudi kwenye reli kupitia magurudumu, na kwenye kifuniko cha boksi kunawekwa brashi ya kaboni ili umeme upite kwenye ekseli bila ya kupita kwenye rola. Ukichomelea behewa, bana waya wa ardhi karibu na unapochomelea. Ukiubana kwenye reli, umeme wako utapita ndani ya beringi, na kila unaporuka unaacha kidonda. Mwezi mmoja baadaye inaunguruma.

Mnaniuliza mtafanyia wapi mazoezi na treni hatuna. Mashine za kusaga nafaka zina nyumba za beringi, za vipande viwili, na ndani ya zile kubwa mna rola zile zile za kujielekeza unazozikuta kwenye maboksi. Mashine za kuvunjia mawe vilevile. Omba kumsaidia fundi anapozifungua, hata bure. Kabla hujashika spana, jiulize kipi kinazunguka na uzito unatoka wapi, kisha mwambie fundi ringi ipi itakuwa imekaza. Ringi ya nje ikitoka, itazame: utaona sehemu iliyong'aa upande mmoja tu, pale palipobeba. Kwenye behewa unairudisha ukiwa umeigeuza ili upande mwengine nao ubebe, na unaandika alama usije ukasahau.

Siku ya kwanza ya kufunga kwako, behewa likirudi kwenye majaribio, utalishika boksi na litakuwa na joto kuliko ulivyotarajia. Moyo utakwenda mbio. Usilifungue. Grisi mpya inajitafutia makao, na kwa saa za mwanzo joto hupanda kisha likashuka. Lishike na la upande wa pili wa ekseli ile ile, kisha mawili mengine ya bogi, ile fremu yenye ekseli mbili chini ya behewa, uyalinganishe. Manne yakiwa sawasawa, nenda kale. Moja likiwapita wenzake watatu, hilo ndilo la kufungua, hata kama kipimajoto kinasema bado halijafika kwenye mstari mwekundu.